Mbona klabu ya hoki ya Amsterdam ina "Bandy" kwenye jina, na uwanja wenyewe hauko Amsterdam?

Agosti 2024 pale Paris Uholanzi walifanya kitu ambacho hakuna nchi iliwahi kukifanya kwenye hoki ya Olimpiki, wanaume dhahabu, wanawake dhahabu, na fainali zote mbili ziliisha 1-1 zikaamuliwa kwa mikwaju, leo wanaume wanawatoa Wajerumani, kesho yake wanawake wanawatoa Wachina. Mtu aliyekuwa anabadilisha chaneli tu akakutana na ile mechi lazima ajiulize, hivi hawa watu kama milioni 18 wanakula nini? Mi nimefuatilia mpira wa magongo wa Waholanzi miaka kadhaa sasa, na kila nikijaribu kumweleza mtu najikuta siwezi kuanza na timu ya taifa. Inabidi uanze na klabu. Na ukianza na klabu, basi anza na mzee mwenyewe, Amsterdamsche Hockey & Bandy Club, waliozaliwa 1892, ambao kwenye ratiba wanaandikwa Amsterdam tu au AH&BC.

Hilo jina ndo limebeba stori yote, na limejaa mafundo. Bandy ni kitu gani? Hoki yao ilikuwa hoki gani, maana kwa miaka zaidi ya thelathini walikuwa wanacheza kitu ambacho Mwingereza angekiona angeuliza mnafanya nini? Na hiyo Amsterdam iko wapi, wakati uwanja uko mji mwingine kabisa, katikati ya msitu? Tufungue moja moja.

Bandy kwanza. Huu ni mchezo wa barafuni, watu kumi na moja kila upande, wamevaa viatu vya kutelezea, wana magongo yaliyopinda na mpira mdogo, uwanja mkubwa kama wa soka. Usichanganye na ile hoki ya barafu ya Wakanada yenye kile kisahani cheusi, hiyo ni nyingine. Bandy bado inachezwa sana Sweden na Urusi, na kama unadhani haituhusu kabisa watu wa upande wetu, kuna vijana wa Kisomali wanaoishi Borlänge huko Sweden waliunda timu ya taifa ya Somalia ya bandy wakaenda kucheza mashindano ya dunia Irkutsk, Siberia, mwaka 2014. Walifungwa magoli ya kutosha lakini walicheza, wengi wao hawakuwahi hata kuvaa vile viatu mwaka mmoja nyuma.

Sasa huyu aliyeipeleka bandy Uholanzi ni jamaa mmoja anaitwa Pim Mulier, na huyu mtu ukimsoma unaweza kudhani wamemsingizia. Alizaliwa 1865, akiwa bado kijana mdogo 1879 akaanzisha pale Haarlem klabu inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya soka nchini, halafu akahangaika na riadha, halafu na michezo ya barafu, kila alichokiona Uingereza alitaka kije nyumbani. Mwaka 1891 timu ya Bury Fen, wanaume wa mabwawa ya mashariki mwa Uingereza ambako mafuriko yakiganda yanakuwa uwanja wa bure, walivuka bahari wakaja Haarlem kucheza bandy na Waholanzi. Uholanzi nayo ni nchi ya mifereji na maji yaliyotulia, kwa hiyo barafu ikija inakuja kila mahali, na vijana wa familia zenye nafasi wakaupenda mchezo. Mwaka uliofuata, Januari 1892, klabu ya Amsterdam ikaundwa. Baridi ikiwepo wanacheza bandy, barafu ikiyeyuka wanahamia kwenye nyasi wanacheza hoki. Ndo maana ya lile jina, majira mawili ya mwaka yamewekwa kwenye kibao kimoja.

Shida ya barafu ya Uholanzi ni kwamba haiaminiki. Kuna mwaka inaganda wiki sita, kuna mwaka haigandi kabisa, na huwezi kujenga ligi juu ya kitu ambacho kinategemea upepo umetoka wapi. Kwa hiyo bandy ikafifia taratibu, hoki ikabaki, ila jina hakuna aliyeligusa. Sisi tunaelewa hii, Simba waliwahi kuitwa Sunderland wakabadilisha, Yanga wakabaki na Young Africans yao na hakuna anayekaa kuitafsiri. Hawa wa Amsterdam wako upande wa Yanga kwenye hili. Hata ile tahajia, "Amsterdamsche" yenye "sch", ni Kiholanzi cha zamani, mageuzi ya tahajia ya 1947 yaliondoa hizo herufi kwenye maneno ya aina hiyo lakini klabu wameziacha zilivyo.

Fundo la pili ndo mi nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaeleza mambo mengi na watu wengi hawalijui.

Mwaka 1898 klabu chache za miji kama Amsterdam, Haarlem na Den Haag walikaa wakaunda chama chao cha taifa, na chama kikaitwa cha Hockey na Bandy, yaani walivichukulia kama ndugu mapacha. Kwa hiyo hoki waliyoicheza ilikuwa kama bandy iliyoshushwa kwenye nyasi. Gongo lao lilikuwa bapa pande zote mbili. Mpira wao ulikuwa laini, wa rangi ya chungwa. Na wanaume na wanawake walikuwa wanacheza pamoja kwenye timu moja bila shida yoyote.

Kama hujawahi kushika gongo la hoki, hapo penye pande mbili hutaona uzito wake, ngoja nieleze. Gongo la hoki ya kimataifa lina upande mmoja bapa, wa kushoto, na upande wa pili ni wa mviringo. Sheria inasema unagusa mpira kwa ule upande bapa tu. Sasa mpira ukiwa kulia kwako hakuna tatizo, lakini ukija kushoto kwako lazima ulizungushe gongo kichwa chini ndo uucheze. Ile kuzungusha gongo kulia kushoto kulia kushoto ukiwa unakimbia ndo ufundi wenyewe, ndo Wahindi na Wapakistani walikuja kuwafanya watu waonekane wamesimama. Lakini kama gongo lako ni bapa pande zote, huhitaji kuzungusha chochote, unapiga tu kushoto kulia kama unafagia. Mchezo unakuwa mwingine kabisa, na ukikutana na timu ya nje hamuwezi hata kukubaliana mcheze kwa vifaa vya nani.

Kwa hiyo Waholanzi wakawa kisiwa. Walikuwa na ligi yao, mabingwa wao, fahari yao, na hakuna wa kucheza naye. Wangeweza kuendelea hivyo, si ungesema ni utamaduni wao, lakini Amsterdam ikapewa Olimpiki ya 1928. Unakuwaje mwenyeji wa Olimpiki yenye hoki halafu hoki yako haifanani na ya wageni? Mwaka 1926 wakala kiapo cha kuacha, wakachukua sheria za kimataifa, gongo la upande mmoja na mpira mgumu. Wachezaji waliokuwa wamezeeka na ile ya zamani walinung'unika sana, na mi nawaelewa, ni sawa uambiwe kuanzia kesho soka unacheza kwa mguu wa kushoto tu.

Na hapo ndo kuna maajabu. Miaka miwili tu baadaye, Mei 1928, kwenye Olimpiki ya nyumbani, wakafika fainali. Fainali walikutana na India ya Dhyan Chand, na Dhyan Chand hakuwa mtu wa kawaida, peke yake alifunga magoli 14 kwenye mashindano yale. India walishinda 3-0, walifunga jumla 29 na hawakuruhusu hata moja. Uholanzi wakabaki na fedha. Kwa watu waliokuwa wanajifunza upya namna ya kushika gongo, mi ile fedha naihesabu kubwa kuliko dhahabu kadhaa walizokuja kupata.

Haya, fundo la uwanja. Klabu inaitwa Amsterdam, uwanja uko Amstelveen, mji wa jirani upande wa kusini, ndani ya msitu unaoitwa Amsterdamse Bos. Na huo msitu nao si msitu wa Mungu, umepandwa. Mwaka 1934, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, jiji la Amsterdam lilikuwa na watu wengi wasio na kazi, serikali ikaamua wapewe majembe na mikokoteni wachimbe, wapande miti, wachonge mabwawa, kwenye ardhi ambayo iko chini ya usawa wa bahari. Maelfu ya wanaume walifanya ile kazi kwa mikono, na leo ni eneo la karibu hekta 1,000, watu wanaendesha baiskeli humo hata hawawazi kwamba kila mti una jasho la mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 uwanja wa klabu ukajengwa pembeni ya msitu, baadaye ukapewa jina la Joop Wagener, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Wagener Stadion. Ukisikia mtu wa hoki anasema "Wagener" ni kama mtu wa soka anavyosema Wembley, bila chumvi.

Pale Wagener ndipo wanaume wa Uholanzi walichukua Kombe lao la kwanza la Dunia, 1973, fainali na India tena, 2-2, wakashinda kwa penati 4-2. Miaka 45 baada ya 1928, unaona. Na kwenye mashindano yaleyale Kenya walikuwepo, moja ya timu 12. Kenya hawakuwa watalii kwenye hoki kipindi hicho, miaka miwili kabla, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa pale Barcelona 1971, walimaliza wa nne, nyuma ya Pakistan, Uhispania na India. Wa nne duniani jamani! Nahodha wao kwa miaka mingi, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972. Pale Amstelveen ya 1973 mambo hayakuwaendea, walimaliza mkiani, ila majina yao yako kwenye kumbukumbu za uwanja ule. Sisi Watanzania tuna yetu ya 1980 Moscow, tuliingia wakati mataifa mengi yamesusia, timu ya hoki ya Waholanzi ikiwa moja ya zilizokosekana, na India wakatupiga 18-0, basi tuendelee.

Wanawake walichukua Kombe la Dunia palepale 1986. Mashindano ya Ulaya ya 2017 na ya 2021 yote yalifanyika Wagener, na mara zote mbili wanaume na wanawake wa Uholanzi wakabeba. Ukiuliza kwa nini nyumbani wanashindika kwa nadra hivi, jibu sehemu moja ni kwamba wachezaji wengi wamekulia kwenye viwanja vya jirani na pale, wanajua hata upepo wa ule msitu unavuma saa ngapi.

Sasa mafanikio ya klabu yenyewe, hapa ndo watu wanachanganyikiwa wakiangalia orodha. Klabu ina ubingwa mwingi wa zamani, wanaume walitamba sana kabla ya vita vya pili na tena miaka ya 60, lakini ubingwa wa zamani na wa sasa haupimwi kwa mizani moja kwa sababu namna ya kumpata bingwa imebadilika. Ligi kuu yao inaitwa Hoofdklasse, timu 12, kila moja inacheza mechi 22, ukimaliza wa kwanza bado hujawa bingwa. Wanne wa juu wanaingia kwenye mchujo wa nusu fainali na fainali mwezi Mei au Juni, na ukiteleza wikiendi moja msimu mzima umeyeyuka. Mi siupendi sana huu utaratibu kusema kweli, unamwonea aliyefanya kazi Septemba mpaka Aprili, lakini ndo unaojaza viwanja.

Kwa hiyo ukitaka kuielewa Amsterdam ya miaka hii usiangalie idadi ya makombe, angalia wamevunja utawala wa nani. Upande wa wanaume, klabu ya kijiji kimoja karibu na Haarlem, Bloemendaal, wenye Teun de Nooijer aliyeichezea Uholanzi mechi 453, walichukua ubingwa mara tano mfululizo 2006 mpaka 2010. Aliyekuja kuwakatisha? Amsterdam, 2011, halafu wakarudia 2012. Kipindi kile walikuwa na Taeke Taekema, fundi wa penati kona. Penati kona ni ile mpira unasukumwa kutoka mstari wa goli, unasimamishwa juu ya duara, halafu mpigaji anaukokota kwa gongo na kuurusha kwa nguvu, mabeki wanne na kipa wanamkimbilia uso kwa uso. Kukimbilia mpira wa Taekema kulihitaji moyo, mi ningekaa benchi nisingizie misuli.

Upande wa wanawake ni hadithi hiyohiyo ila ndefu zaidi. Kuanzia 1998 klabu ya Den Bosch ya kusini ilishika ligi ya wanawake kama mtu aliyeshika funguo za nyumba, hii ndo klabu ya akina Maartje Paumen, ukisikia bingwa wa wanawake huna haja ya kuuliza. Mara chache funguo zilipoponyoka, 2009, 2013, 2019, zote zilidondokea Amsterdam. Hao wa Amsterdam walikuwa na Eva de Goede kwenye kiungo, mwanamke mwenye dhahabu tatu za Olimpiki na aliyechaguliwa mchezaji bora wa dunia 2018 na 2019, na Ellen Hoog, yule aliyefunga mkwaju wa ushindi dhidi ya New Zealand kwenye nusu fainali ya London 2012. Mikwaju ya hoki, kwa asiyejua, haipigwi umesimama kama soka. Unaanzia mbali na goli, kipa anakutokea, una sekunde 8 tu kumpita na kufunga, kengele ikilia umekwisha.

Ulaya ndo kidonda chao cha wanaume. Ligi ya klabu za Ulaya ya wanaume ilianza 2007 na ndo ilikuwa maabara ya mchezo wenyewe, robo nne badala ya vipindi viwili zilijaribiwa huko kabla dunia nzima haijazichukua, na kuna kipindi walihesabu goli la kawaida kama mawili na la penati kona kama moja, ndo maana fainali ya 2018 inasomeka Bloemendaal 8, Kampong 2, si kwamba kipa alilala. Amsterdam walifika fainali 2012 wakafungwa na UHC Hamburg, wakafika tena 2016 wakafungwa na Kampong, Waholanzi wenzao wa Utrecht. Bloemendaal wakati huo wanayakusanya tu. Ukitaka kumchokoza shabiki wa Amsterdam, mguse hapo.

Lakini timu ya kwanza ya wanaume na ya kwanza ya wanawake ni kama vinyago vya mbele ya mtumbwi. Mtumbwi wenyewe ni wanachama. Chama cha hoki cha Uholanzi kina wanachama zaidi ya laki mbili, na hakuna shule wala chuo kinachozalisha wachezaji kama Marekani, kila kitu ni klabu. Mtoto anaanza ana miaka minne au mitano kucheza cheza tu, baadaye wanacheza sita kwa sita, nane kwa nane, mpaka kumi na moja, na Jumamosi asubuhi uwanja uleule ambao Jumapili utachezwa na mabingwa wa Olimpiki umejaa watoto waliovaa vikinga meno. Mzazi analipa ada, sawa, ila ada haimalizi deni. Mzazi anapangiwa zamu ya kuuza chai na bia kwenye kantini ya klabu, zamu ya kuwa refa, zamu ya kuendesha gari limejaa watoto wa wenzake kwenda mechi ya ugenini. Daktari anakaanga viazi, mwanasheria anaokota mipira. Ndo maana klabu ina miaka zaidi ya 130 na haijawahi kumsubiri tajiri.

Hilo halimaanishi ni mchezo wa wote. Hoki Uholanzi bado inaonekana ya watu wenye nazo, vifaa ni ghali, na klabu kubwa za mijini zina foleni ya watoto wanaosubiri nafasi, ukiwa huna mtu wa kukueleza ujiandikishe lini mtoto wako atasubiri sana. Na kuna suala la nyasi bandia. Tangu Olimpiki ya Montreal 1976 mchezo umehamia kwenye zulia la plastiki linalomwagiwa maji kabla ya mechi, mpira unakwenda kasi na haurukiruki. Waholanzi wenye hela na klabu zenye wanachama wengi walitandika haya mazulia nchi nzima, sisi huku nchi nzima ukipata moja unashukuru, na ukijumlisha hilo utaelewa kwa nini Kenya ile iliyokuwa ya nne duniani 1971 haikurudi pale tena. Kipaji hakikuhama, uwanja ndo uliohama.

Kurudi msituni. Ukitoka Wagener, barabara ileile ya Nieuwe Kalfjeslaan, kuna klabu nyingine jirani kabisa inaitwa Pinoké, wamezoea miaka yote kuwa wale wadogo wa pembeni, mzee akicheza fainali wao wanasikia kelele kupitia miti. Mwaka 2023 wanaume wa Pinoké wakachukua ubingwa wa Uholanzi kwa mara ya kwanza katika historia yao, na sherehe zao safari hii ndo zilisikika upande wa pili.